Sentensi Iliyokosekana kwenye Herufi J

Nikikwambia "rudia", usiudhike. Nimekusikia vizuri, na wala sijakuita mwongo. Ni kazi tu inanituma.

Mimi ni mtunga kamusi. Tuko watatu katika chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Unapanda kwa ngazi za nyuma, unausukuma mlango kwa bega kwa sababu umevimba tangu mvua zile kubwa na hakuna aliyejisumbua kuuranda. Tunatayarisha kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, nene kiasi kwamba toleo lililopita wanalitumia kule chini dukani kuzuia mlango usijifunge. Mkuu wetu ni mzee mwembamba tunayemwita Mzee Nukta, maana akishasema yeye, mazungumzo yamekwisha. Mwenzangu ni dada mmoja mfupi anayejua kila neno lililozaliwa mitaani jana, naye ni Kamusi Ndogo. Mimi wananiita Rudia. Sikulichagua jina hilo, ila nimelizoea.

Jina lenyewe limetokana na sheria ya Mzee Nukta. Yeye hataki mfano uliobuniwa mezani. Siku zangu za mwanzo nilimpelekea sentensi ambayo niliona nimeipiga pasi vizuri: "Simba alimhukumu sungura kwa haki." Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaniuliza, "Nani kasema hivi, na alikuwa anataka nini?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyesema, nimetunga mwenyewe. "Basi kaa nayo," akasema. Tangu hapo kila mfano wetu hutoka kinywani mwa mtu aliye hai na mwenye shida yake. Na ili tusije tukaandika tulichodhani tumekisikia, msemaji huombwa arudie. Akirudia maneno yale yale, sentensi inaingia. Akibadilisha hata kijineno kimoja, inatupwa.

Unaweza kusema ni jambo dogo. Jaribu wewe kumwambia dereva wa teksi aliyekutukana, "Samahani kaka, hebu rudia."

Mwezi ule tulikuwa kwenye herufi J, na neno lililotukwama kooni ni judge. Mtu wa kawaida ukimuuliza atakwambia hilo si ni jaji, ni kuhukumu, sasa ninyi mnafanya kazi gani? Ningependa siku moja akae kwenye kiti changu. Kuhukumu nililipata kiulaini kwenye veranda ya mahakama, kwa karani aliyetoka akijinyoosha mgongo: "Ameshahukumu, twendeni tukale." Akarudia huku anatembea, njaa haibadilishi maneno. Kwa majaji wa mashindano nilikwenda kusikiliza kwaya za shule, nikamnasa mwalimu aliyeshindwa: "Wao wameamua, masikio yetu hayajaamua." Kukadiria nilipewa na muuza vitambaa anayejivunia jicho lake: "Mimi nakadiria kwa macho, tepu ni ya waoga." Kutathmini ni neno la watu wanaovaa tai. Hutamkwa mtu akitaka kukunyima kitu bila kugombana nawe, kwa hiyo ukiambiwa ombi lako linatathminiwa, nenda katafute pengine. Kuona nalo likaingia, maana mtu anayesema "naona inafaa" mara nyingi hajatazama chochote, ameshaamua.

Ikabaki maana moja. Ni ile ya mtu kumtazama mwenzake kutoka utosini hadi kisiginoni, akampa alama moyoni, akampitisha au akamtupa. Kamusi Ndogo alisema vijana wana neno lake: kujaji. Usinijaji, wamenijaji, acha kujaji watu. Mzee Nukta alimtazama kama mtu aliyemwagiwa chai kwenye karatasi.

"Litaingia," akasema mwishowe. "Lakini kwanza mniletee sentensi ya mtu mzima aliyempima mwenzake na kumpa uamuzi wake uso kwa uso. Sitaki ya kichochoroni."

Hapo tukagonga mwamba. Binadamu wanapimana tangu wanapofumbua macho asubuhi, lakini waambie warudie uone. Muuza magodoro alimsindikiza mteja kwa macho akasema, "Huyo shuka lenyewe hana, anaulizia godoro la sponji." Nikamwambia, rudia. "Nimesema karibu tena mteja." Jirani yangu alisema binti wa nyumba ya kona anatembea kama kameza ufagio. Rudia, jirani. "Mimi? Nimepiga chafya." Zote zilikuwa hivyo, sentensi zisizo na mwenyewe. Mchapaji anazisubiri kurasa za J, na sisi mahali pa mfano ule bado peupe.

Ndipo mama yangu alipoamua kuolewa.

Mama ni fundi cherehani. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Baba alituacha mimi nikiwa bado shuleni, na wawili hawa wakabaki pamoja, wifi kwa wifi, wakigombana asubuhi kuhusu sukari na kupatana mchana kuhusu majirani. Shangazi ana jicho la ukaguzi. Hakuna mgeni aliyewahi kutoka nyumba ile bila kasoro.

"Jumamosi kuna mtu anakuja," mama alituambia, huku akitia uzi kwenye sindano ya cherehani ili asitutazame. "Kanichumbia, na mimi nimekubali. Nataka mumpokee."

"Mtu gani?" shangazi akauliza.

"Yule afisa wa leseni."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Yule aliyekufelisha, wifi?"

"Huyo huyo."

Hapa inabidi nieleze, la sivyo utatuona watu wa ajabu. Kwa miaka mingi mama alipeleka sare mashuleni kwa miguu yake na mgongo wake. Kisha akanunua pikapu kuukuu, akaifunika turubai nyuma ya nyumba, akaenda kujifunza udereva na nywele zake za mvi. Mtahini alikuwa mtu mrefu asiye na maneno. Wanafunzi walimwita Bwana Breki, kwa sababu ukiwa naye garini husikii sauti yake mpaka aseme "breki". Mara ya kwanza alimfelisha mama kwa haki, hata mama mwenyewe anakiri: taa iliwaka kijani na yeye katulia anatazama pindo la sketi ya mwanamke aliyekuwa anavuka, eti limeshonwa ovyo. Mara ya pili aligonga ndoo ya watu wakati wa kurudi nyuma. Mara ya tatu hakugonga kitu wala hakutazama sketi ya mtu, na bado Bwana Breki akaandika amefeli.

Siku hiyo mvua ilinyesha, na shule ilikuwa inazidai sare zake. Mama alifunga mafurushi kwenye nailoni, akayabeba kichwani, akarudi ameloa chapachapa. Akakaa juu ya meza ya kukatia nguo akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mama akilia kwa sababu ya kazi. Nilimchukia yule mtu kabla sijaijua sura yake.

Baadaye kidogo ofisi ile ikapata mtahini mpya, na mama akafaulu hata hawajaumaliza mzunguko wa sokoni. Pikapu ikavuliwa turubai. Muda si muda Bwana Breki, sasa mstaafu, akatokea kwenye chumba cha mama na suruali ya kupunguzwa. Wiki iliyofuata akaja na nyingine. Kisha nyingine. Mimi nilidhani ni mteja.

Sasa mama alikuwa amenishika mkono, jambo ambalo halifanyi ovyo. "Mwanangu, nakuomba kitu kimoja tu. Jumamosi usimwambie mtu wa watu arudie."

Nikaapa. Na nilipoapa nilimaanisha, maana niliyaona macho yake. Kwa miaka yote ile aliyokaa peke yake nilijidanganya kwamba cherehani inamtosha. Haikuwa inamtosha. Mama alimtaka yule mtu, na alituogopa sisi.

Jumamosi alasiri shangazi alikuwa nyuma ya pazia, kwenye zamu yake. Mama amefunika cherehani kwa kitambaa, amesogeza makaratasi ya kukatia ukutani, lakini tepu ameisahau shingoni, imening'inia juu ya gauni jipya.

"Anakuja huyo," shangazi akatangaza. "Anataka kuvuka barabara. Katazama kulia. Katazama kushoto. Katazama tena kulia. Hamna hata baiskeli. Kwa mwendo huu harusi itakuwa mwakani."

"Wifi, ondoka dirishani."

"Na suruali hiyo vipi? Soksi zinaonekana mpaka kwenye lastiki. Nani fundi wake?"

Mama akaenda kufungua.

Bwana Breki aliinama mlangoni ili asigonge kichwa, akasalimia kila mtu kwa zamu yake. Shikamoo yangu ilitoka kwa shida. Alimpa mama boksi la nyuzi, na shangazi akalifungua pale pale bila aibu. Zilikuwa rangi za sare za shule zote anazozishonea mama, hakukosea hata moja, hata ile zambarau ya shule ya ng'ambo ya reli ambayo kuipata ni kazi. Hilo nililiona, na liliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtu mbaya.

Akaketi wima, mikono mapajani, kama amefunga mkanda.

"Bwana," shangazi akaanza, "unakoroma?"

"Marehemu mke wangu hakuwahi kulalamika."

"Alikuwa mpole, Mungu amrehemu. Kwa hiyo unakoroma."

"Nadhani ndiyo, mama."

Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika, kasoro ya kwanza imepatikana. Akamuuliza kuhusu presha, kuhusu meno, kuhusu ndugu zake na kwa nini suruali inaogopa viatu. Bwana Breki alijibu yote polepole. Kwenye suruali tu alimtazama mama, na mama akasema anakwenda kuangalia chai.

Kuna msemo kwamba ukimchunguza sana bata hutamla. Mimi nimeuandika msemo huo kwenye kadi, kwa mkono wangu, na mfano wake. Lakini mama alipoingia jikoni nilikumbuka ile meza ya kukatia nguo na maji yanavyodondoka sakafuni, na swali likanitoka.

"Kwa nini ulimfelisha mama ile mara ya tatu?"

"Hakuwa tayari."

"Rudia."

Naapa sikukusudia. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama mguu wa dereva unavyoifuata klachi.

"Hakuwa… Siku ile barabara ilikuwa na utelezi."

"Imebadilika," nikasema.

"Nini kimebadilika?"

"Sentensi. Ya kwanza ilisema hakuwa tayari. Hii inazungumzia barabara. Rudia ile ya kwanza."

Shangazi akasogeza kiti chake mbele. Nilimwona anafurahia, na bado sikunyamaza. Bwana Breki alitoa kitambaa akapangusa paji la uso, akakikunja mara kadhaa mpaka kikawa kidogo, akakirudisha mfukoni. Alipozungumza tena sauti ilikuwa nyingine.

"Alikuwa tayari. Nilimfelisha ili arudi."

Nilipaswa kuishia hapo. Mtu yeyote mwenye akili zake angeishia hapo.

"Rudia," nikasema.

Akanitazama moja kwa moja, mtu aliyekwishavuka daraja. "Alikuwa tayari. Nilimfelisha ili arudi."

Neno kwa neno. Katika miaka yangu yote ya kamusi sijawahi kupewa sentensi safi kama ile. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai, naye ameisikia mara mbili.

Aliweka sinia mezani bila kikombe hata kimoja kugongana. Hiyo ndiyo ilinitisha. Mama akiwa na hasira ya kawaida, vyombo vinaongea.

"Siku ile nilibeba mafurushi kwenye mvua," akasema.

"Najua, Fundi. Nilikuona kutoka dirishani."

"Uliniona."

"Nilikuona, na jioni yake nikaomba kustaafu. Mtahini anayemfelisha aliyefaulu hana kazi tena pale. Maisha yangu yote sijawahi kuandika uongo isipokuwa ule. Nilitaka kukwambia. Kila nikija na suruali nilitaka kukwambia, kisha unaniuliza nipunguze kiasi gani, nasema vidole viwili."

Kumbe. Shangazi akazitazama zile soksi upya. "Hiyo ni rushwa," akasema. "Rushwa ya moyo, lakini ni rushwa."

Mama hakumsikiliza. Alinigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikwambia umpokee. Hukuitwa kupima."

Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kosa la mtu, nimelipata, na sasa sikujua pa kuliweka. Kama mama angemfukuza mtu yule, angeniruhusu bado nije kila Jumapili, angenipikia, asingesema chochote. Na cherehani ingeendelea kulia peke yake katika chumba kile, na mimi ningejua ni kwa nini.

Mama akachukua ufunguo wa pikapu kwenye msumari. "Inuka," akamwambia Bwana Breki.

"Tunakwenda wapi?"

"Utaendesha."

Tulitoka wote. Hakuna aliyetualika mimi na shangazi, lakini hakuna mlango ambao ungetuzuia. Mbele pana viti viwili tu, kwa hiyo shangazi, ambaye huwa anaomba mkono hata kushuka kwenye kibaraza, alijirusha nyuma ya pikapu kwa wepesi ambao sijauona tena, akajiweka kati ya mafurushi ya sare, nami nikabanana pembeni yake. Kioo cha nyuma hakipo tangu zamani, kwa hiyo tulisikia kila kitu.

Mama alikaa kiti cha mtahini, tepu shingoni, mikono mapajani. "Washa."

Akawasha. Gari likaruka kidogo, likazima.

"Washa," mama akasema tena, sauti ile ile.

Hatimaye tukaondoka. Sijapata kuona mtu anayeendesha kwa adabu namna ile. Tulipitwa na mkokoteni. Tulipitwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akageuka kututazama kwa huruma. Mama hakusema neno isipokuwa amri: kata kulia, simama, endelea. Kwenye taa, kijani kiliwaka na gari likabaki pale pale.

"Anatazama nini?" shangazi akaninong'oneza.

Alikuwa anamtazama mama. Nyuma yetu watu wakapiga honi.

"Kijani," mama akasema.

Tuliporudi mtaani kwetu alimwamuru arudi nyuma, aingie kwenye nafasi iliyo kati ya ukuta na genge la mboga. Bwana Breki alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia. Kisha akarudi nyuma taratibu na kuigonga ndoo ya mwenye genge, ikabiringika mpaka mferejini. Mtu huyu aliwafelisha watu wa mji mzima kwa ajili ya ndoo. Shangazi alijiziba mdomo kwa furushi la sare.

"Zima," mama akasema.

Akazima. Nilichungulia pale penye tundu la kioo. Mikono ya Bwana Breki bado ilikuwa imeshika usukani, na shingo yake imezama mabegani. Mama alikuwa anatazama mbele. Bila kugeuka, akasema:

"Nimekupima. Umefeli. Rudi Jumamosi."

Bwana Breki akainamisha kichwa. "Nimeelewa, Fundi," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa kitu. Akaanza kupapasa mlango atoke. Masikini, maneno yale ameyasema yeye mwenyewe maisha yake yote, kwa vijana na kwa wazee, na siku yalipomgeukia akasikia lile la katikati tu.

Shangazi alinipiga kiwiko cha mbavu. Yeye alishaelewa zamani. "Sema neno lako," akaninong'oneza. "Leo lina kazi."

Nilikuwa nimeapa. Tena kiapo chenyewe nilishakivunja mchana kweupe, na madhara yake yameketi mbele yangu na suruali fupi. Lakini mtu yule alikuwa ameshakipata kitasa cha mlango.

"Mama," nikasema kupitia lile tundu, "rudia."

Lazima ujue mama yangu harudii. Tangu utoto wangu yeye husema mara moja, ya pili inasemwa na kandambili. Nilisubiri anigeukie na yale macho. Hakunigeukia. Alimgeukia yeye, akamtazama mpaka akaacha kupapasa mlango, na akasema polepole, kila neno mahali pake:

"Nimekupima. Umefeli. Rudi Jumamosi."

Mabega ya Bwana Breki yakashuka, yakapanda, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha mtu asiyekizoea, kinatoka kwa vipande. Mama hakucheka. Hasira bado alikuwa nayo, na alikuwa na haki nayo, na nadhani alipanga kukaa nayo wiki nzima.

"Nije na nini?" Bwana Breki akauliza.

"Njoo na suruali zako zote. Na sasa hivi uende ukamwombe radhi mwenye ndoo."

Akashuka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaenda. Shangazi alimfuata kwa macho mpaka akafika mferejini, akainama, akaitoa ndoo, akaanza kuifuta kwa kile kitambaa chake.

"Anakoroma," akasema shangazi, "lakini ndoo anajua kufuta." Nikamwambia arudie. Akarudia, hakubadilisha kitu.

Jumatatu niliusukuma mlango wa ofisi kwa bega, nikaweka kadi juu ya meza ya Mzee Nukta. Kamusi Ndogo akaja kusimama nyuma yangu, soda mkononi. Mzee alisoma kimya, midomo inacheza. Akavua miwani.

"Imesemwa usoni?"

"Usoni kabisa."

"Imerudiwa?"

"Neno kwa neno."

"Mimi naona mtu anafukuzwa," Kamusi Ndogo akasema. "Amejajiwa, basi."

Mzee Nukta alisoma tena, akaifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akanitazama juu ya fremu kama anavyotutazama siku zote.

"Nani kasema hivi," akauliza, "na alikuwa anataka nini?"

"Mama yangu," nikasema. "Alitaka arudi."